Kurasa zilizobanwa: jinsi kivinjari na seva vinavyoamua gharama ya intaneti

Wakala wa forodha aliyeko Rusumo, mwenye duka la jumla wa Busia na dereva wa lori anayesubiri foleni Malaba wana jambo moja linalowaunganisha. Kila mmoja wao anapofungua tovuti kwa simu au kompyuta, analipia data. Kiasi kinachokatwa kwenye kifurushi chake hakitegemei urefu wa ukurasa peke yake. Kinategemea pia kama ukurasa huo umesafirishwa ukiwa umebanwa au umetumwa kama ulivyo.

Utaratibu wa kubana kurasa kabla ya kuzituma umo katika HTTP, itifaki inayotumika kati ya kivinjari na seva, tangu miaka ya 1990. Vivinjari vyote vinavyotumiwa na watu wengi hivi leo, vikiwemo Chrome, Firefox, Safari, Edge na Opera, vinaweza kufungua kurasa zilizobanwa. Hata hivyo, zipo tovuti ambazo bado hutuma maandishi yake bila kuyabana, na gharama hubebwa na msomaji asiyejua kinachoendelea.

Makala haya yanaeleza jinsi utaratibu huo unavyofanya kazi, kwa nini ulisuasua kwa miaka mingi, na mambo ambayo mwenye tovuti ya biashara anapaswa kuyadai kwa wanaomhifadhia tovuti yake.

Makubaliano kabla ya mzigo kuondoka

Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Seva ni kompyuta inayohifadhi kurasa hizo na kuzitoa zinapoombwa. Msomaji anapobofya kiungo, kivinjari hupeleka ombi kwa seva. Ndani ya ombi hilo mna mistari kadhaa ya maelezo ambayo msomaji haioni. Mmojawapo unaitwa Accept-Encoding, na kazi yake ni kuijulisha seva njia za kubana ambazo kivinjari kinazielewa. Vivinjari vya kisasa kwa kawaida hutaja gzip, deflate na br, na baadhi huongeza zstd.

Seva ikishasoma orodha hiyo inabaki na hiari. Inaweza kuchagua njia mojawapo, ikabana ukurasa na kuutuma pamoja na mstari uitwao Content-Encoding, unaotaja njia iliyotumika. Kivinjari kikiuona mstari huo huurudisha ukurasa katika hali yake ya awali na kumwonyesha msomaji. Seva inaweza pia kuipuuza orodha yote na kutuma ukurasa bila kuubana. Kwa msomaji, matokeo kwenye skrini ni yale yale. Tofauti iko kwenye muda na kwenye salio la data.

Utaratibu huu unafanana na biashara ya mitumba. Nguo hubanwa kwa mashine zikawa marobota ili kontena lichukue nyingi zaidi, na anayepokea hulifungua robota sokoni kwake. Anayetuma hubana, anayepokea hufungua, na nauli hupungua. Tofauti ni kwamba nguo hutoka kwenye robota zikiwa na makunyanzi, ilhali ukurasa uliobanwa kwa njia hizi hurudi herufi kwa herufi kama ulivyokuwa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba pande zote mbili lazima zikubaliane. Kivinjari hakiwezi kuilazimisha seva ibane, na seva haitakiwi kutuma mzigo uliobanwa kwa njia ambayo kivinjari hakiielewi.

Kinachobanika na kisichobanika

Kubana kunategemea marudio. Chukua jedwali la ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutumika mwaka 2005 kati ya Kenya, Tanzania na Uganda. Viwango vyake vikuu vilikuwa asilimia 0, 10 na 25, na mwaka 2022 kikaongezwa cha asilimia 35. Jedwali hilo lina maelfu ya mistari, na karibu kila mstari unarudia viwango vile vile na vipimo vile vile kama kilo au idadi. Likiwekwa kwenye tovuti kama maandishi, alama za HTML zinazochora jedwali nazo hurudiwa katika kila mstari.

Njia iitwayo deflate, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya gzip, hufanya kazi kwa hatua mbili. Ya kwanza inatokana na kazi ya Abraham Lempel na Jacob Ziv iliyochapishwa mwaka 1977. Programu inaposoma maandishi huangalia kama mfululizo wa herufi uliopo mbele yake ulishatokea nyuma, ndani ya kilobaiti 32 zilizopita. Ukiwa ulishatokea, haiuandiki tena. Inaandika agizo fupi lenye maana ya "rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa". Neno "wafanyabiashara" likiandikwa mara 30 katika ukurasa, mara ya kwanza huandikwa kamili na mara nyingi zinazofuata hubaki agizo tu. Mfululizo wa herufi tatu unatosha, kwa hiyo hata vipande kama "kwa" na "wana", ambavyo vimejaa katika Kiswahili, vinaweza kunufaika.

Hatua ya pili ilibuniwa na David Huffman, naye aliichapisha mwaka 1952. Alama zinazotokea mara nyingi hupewa namba fupi, na zile za nadra hupewa ndefu. Baada ya hatua hizo mbili ukurasa wa maandishi mara nyingi hubaki chini ya nusu ya ukubwa wake, na wenye marudio mengi unaweza kubaki robo au pungufu.

Si kila faili hunufaika. Picha za JPEG, video za MP4 na mafaili ya ZIP tayari yamebanwa kwa njia zake, na kuyabana tena ni kuichosha seva bure. Ndivyo ilivyo pia kwa fomu za serikali zilizopigwa skani na kuhifadhiwa kama PDF. Fomu ya namna hiyo itabaki nzito hata seva ikiwa imepangwa vizuri, na dawa yake ni kuiandika upya kama ukurasa wa maandishi. Faili dogo sana, la baiti mia chache, nalo halina faida kubwa kwa sababu linatosha katika pakiti moja hata likiwa halijabanwa.

Hesabu kwa mfanyabiashara

Tuseme ukurasa wa bei na ushuru una kilobaiti 400 za maandishi, na ukibanwa unabaki kilobaiti 100. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, iliyokuwa ya kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukurasa usiobanwa ungechukua takriban sekunde 57 hata kama laini ingefanya kazi kwa kasi yake yote. Uliobanwa ungechukua takriban sekunde 14.

Siku hizi kasi ni kubwa zaidi, kwa hiyo tofauti huonekana zaidi kwenye salio. Wakala anayefungua kurasa 50 za ukubwa huo kwa siku, kwa siku 26 za kazi kwa mwezi, hufungua kurasa 1,300. Kila ukurasa ukiokoa kilobaiti 300, jumla ni megabaiti 390 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Ofisi yenye mawakala 10 inafikia karibu gigabaiti 4. Mwenye tovuti naye huokoa, hasa anayelipia seva yake kwa kiasi cha data kinachotoka.

Kanuni ya uchumi hapa ni nyepesi. Anayeweza kupunguza gharama, yaani mwenye seva, si yule anayeilipa kila siku. Ndiyo maana kasoro ya namna hii inaweza kudumu miaka bila mtu kuirekebisha. Msomaji hulalamikia kampuni ya simu, wala hafikirii tovuti.

Hataza iliyofungua njia kwa gzip

Programu ya gzip iliandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler, ikatolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 1992. Wakati huo kompyuta za Unix zilitumia zaidi programu iitwayo compress, iliyotegemea njia ya LZW. Tatizo ni kwamba LZW ilikuwa na hataza iliyomilikiwa na kampuni ya Unisys ya Marekani, na hataza hiyo haikumalizika nchini humo hadi mwaka 2003.

Gzip ikachagua deflate, njia iliyobuniwa na Mmarekani Phil Katz kwa ajili ya programu yake ya PKZIP. Mei 1996 maelezo ya deflate na gzip yalichapishwa kama RFC 1951 na RFC 1952, na yeyote aliweza kuandika programu yake kwa kuyafuata bila kulipia leseni. Januari 1997 toleo la kwanza la HTTP/1.1 lilichapishwa kama RFC 2068, likazitaja gzip, compress na deflate kuwa njia za kubana zinazotambulika. Kati ya hizo tatu, gzip ndiyo iliyoteka soko.

Vivinjari vilivyoahidi visichokiweza

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, Netscape na Internet Explorer, vivinjari viwili vikubwa vya wakati huo, vilikuwa vimeanza kupokea kurasa zilizobanwa. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Makubaliano yanategemea ukweli wa tamko la kivinjari, na baadhi ya matoleo yalitamka kuwa yanaweza kazi ambayo kwa kweli yaliifanya vibaya.

Mwongozo wa seva ya Apache umehifadhi kumbukumbu ya kipindi hicho. Unaeleza kuwa Netscape ya mfululizo wa 4 ilikuwa na matatizo ya kufungua kitu chochote kilichobanwa kisichokuwa ukurasa wa HTML, na kwamba matoleo ya 4.06, 4.07 na 4.08 yalishindwa hata na HTML yenyewe. Wasimamizi wa seva wakashauriwa kuweka mistari ya kuvitambua vivinjari hivyo kwa majina na kuvitumia kurasa zisizobanwa.

Internet Explorer nayo ilikuwa na kasoro zake. Microsoft ilikiri katika maelezo yake ya kiufundi kuwa kivinjari hicho kingeweza kupoteza baiti 2,048 za mwanzo za data iliyobanwa. Kwa msomaji, hiyo ilimaanisha ukurasa unaoanzia katikati au usiofunguka kabisa. Seva ya nginx, iliyotolewa kwa umma mwaka 2004, ina hadi leo neno maalumu la usanidi, msie6, linalozuia kuvibania kurasa vivinjari vya zamani vya Internet Explorer.

Kulikuwa na mkanganyiko mwingine kuhusu neno deflate. Kwa mujibu wa maelezo rasmi ya HTTP, deflate maana yake ni data iliyobanwa na kisha kufungwa ndani ya bahasha ndogo iitwayo zlib. Programu za Microsoft zilitumia data hiyo bila bahasha. Tofauti ni baiti chache tu mwanzoni na mwishoni, lakini zilitosha kukifanya kivinjari kimoja kifungue na kingine kishindwe. Waandishi wa vivinjari wakalazimika kukubali aina zote mbili, na wasimamizi wa seva wakaona heri kutumia gzip, ambayo haikuwa na utata.

Athari ya kibiashara ilikuwa kubwa kuliko kasoro zenyewe. Msimamizi wa seva aliyepokea malalamiko ya wateja wachache aliweza kuuzima ubanaji wote ili kuondoa usumbufu. Wateja wengi waliokuwa na vivinjari vizuri wakalipia makosa ya vivinjari vichache. Vivinjari hivyo vilikwisha kutoweka sokoni, lakini usanidi uliowekwa kwa ajili yake unaweza kubaki kwenye seva iliyohamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine bila kukaguliwa.

Wasimamizi wa katikati ya njia

Hata kivinjari kikiwa kizuri na seva ikiwa tayari, ombi hupita mikononi mwa wengine. Mwaka 2009 wahandisi wa Google, Arvind Jain na Jason Glasgow, walieleza kuwa watumiaji wengi wenye vivinjari vya kisasa walikuwa bado wanapokea kurasa zisizobanwa. Walikadiria kuwa kila siku zaidi ya miaka 99 ya muda wa binadamu ilipotea kwa sababu hiyo. Miongoni mwa visababishi walivyovitaja ni programu za kuzuia virusi, seva za proksi, kasoro za vivinjari na seva zisizopangwa vizuri.

Proksi ni kompyuta inayosimama kati ya ofisi na intaneti, ikipokea maombi ya wafanyakazi wote. Baadhi ya proksi na programu za kuzuia virusi ziliufuta au kuuharibu mstari wa Accept-Encoding ili zipokee maandishi ya wazi ambayo ni rahisi kuyakagua. Seva ikipokea ombi lisilo na mstari huo hudhani kivinjari hakiwezi chochote, ikatuma mzigo mzima.

Proksi zilileta hatari nyingine pia. Zikihifadhi nakala ya ukurasa uliobanwa na kumpa msomaji wa pili ambaye kivinjari chake hakiuelewi, msomaji huyo huona herufi zisizosomeka. Ndiyo maana seva hutakiwa kuongeza mstari uitwao Vary, unaoionya proksi kuwa jibu hubadilika kulingana na uwezo wa kivinjari. Nginx kwa tahadhari kama hiyo haibani, isipoamriwa, majibu ya maombi yanayoonyesha kuwa yamepitia kwenye proksi.

Kusambaa kwa HTTPS kulipunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mawasiliano yaliyofichwa hayawezi kuhaririwa na kila kifaa kilichopo njiani.

Afrika Mashariki na njia ya mkato ya Opera Mini

Kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nje. Kebo ya SEACOM ilianza kazi Julai 2009, TEAMS ikafika Mombasa mwaka huo huo ikitokea Fujairah, Falme za Kiarabu, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Nchi zisizo na pwani kama Uganda, Rwanda na Burundi hufikiwa na kebo hizo kwa nyaya za nchi kavu zinazopita Kenya na Tanzania.

Katika kipindi cha uhaba, watumiaji wengi wa simu walipata nafuu kwa njia nyingine. Kampuni ya Opera ya Norway ilianzisha kivinjari cha Opera Mini mwaka 2005 na kukisambaza duniani mwaka 2006. Kivinjari hicho kilifanya kazi hata kwenye simu za kawaida zenye Java. Ukurasa haukutoka moja kwa moja kwenye tovuti hadi kwenye simu. Ulipitia kwanza seva za Opera, zikaupunguza pamoja na picha zake, kisha zikautuma ukiwa mdogo. Opera ilitangaza kuwa data ingeweza kupungua kwa hadi asilimia 90, na kivinjari hicho kilipata watumiaji wengi barani Afrika.

Njia hiyo ni tofauti na ubanaji wa HTTP. Gzip haipotezi kitu, ilhali Opera Mini hupunguza ubora wa picha na baadhi ya kurasa huonekana tofauti. Aidha, kurasa hupitia mikononi mwa kampuni ya tatu, jambo la kufikiria kwa anayefanya malipo. Google nayo iliwahi kuwa na huduma ya kuokoa data ndani ya Chrome ya simu, lakini iliifunga mwaka 2022. Nafuu inayotoka kwenye seva ya tovuti yenyewe haimtegemei mtu wa kati anayeweza kufunga duka.

Kebo hazikuondoa umuhimu wa kubana. Tovuti ya mfanyabiashara wa Kigali inaweza kuwa imehifadhiwa Ulaya au Marekani, na kila mzunguko wa ujumbe kwenda na kurudi huchukua muda. Seva nyingi za sasa huanza kwa kutuma takriban pakiti 10, sawa na kilobaiti 14 hivi, kisha husubiri jibu kabla ya kuendelea. Ukurasa uliobanwa ukatosha humo hufika kwa mzunguko mmoja.

Brotli yaja na kamusi, Kiswahili hakimo

Mwaka 2015 Google ilitangaza njia mpya iitwayo Brotli, kazi ya wahandisi Jyrki Alakuijala na Zoltán Szabadka. Ilichapishwa kama RFC 7932 Julai 2016. Katika orodha ya kivinjari hutajwa kwa herufi mbili, br. Firefox na Chrome zilianza kuielewa mwaka 2016, Edge na Safari mwaka 2017. Vivinjari huitaja kwenye mawasiliano ya HTTPS pekee, kwa sababu ya uzoefu mbaya wa vifaa vya katikati ya njia. Tovuti iliyobaki kwenye HTTP ya kawaida haiwezi kunufaika nayo.

Brotli hubana maandishi vizuri zaidi kuliko gzip, na sababu mojawapo ni kamusi iliyojengwa ndani yake. Kamusi hiyo ya takriban kilobaiti 120 ina maneno na vipande zaidi ya 13,000, na kila kivinjari kinachoelewa Brotli kinayo tayari. Neno lililomo kwenye kamusi linaweza kutumwa kwa rejea fupi hata kama ni mara ya kwanza kutokea katika ukurasa.

Lugha zilizotumika kutengeneza kamusi hiyo ni Kiingereza, Kihispania, Kichina, Kihindi, Kirusi na Kiarabu, pamoja na alama za HTML na JavaScript. Kiswahili hakimo. Ukurasa mfupi wa Kiswahili hivyo hukosa sehemu ya faida inayopatikana kwa ukurasa mfupi wa Kiingereza, kwa kuwa ukurasa mfupi hauna marudio mengi na hutegemea kamusi zaidi. Hata hivyo, hasara si ya kutisha. Sehemu kubwa ya ukurasa wa leo ni HTML, CSS na JavaScript, ambazo hazibadiliki kwa lugha, na ukurasa mrefu hujitosheleza kwa marudio yake.

Njia ya karibuni zaidi ni Zstandard, yaani zstd, iliyobuniwa na Yann Collet na kutolewa na Facebook mwaka 2016. Sifa yake ni kasi kubwa ya kubana na kufungua. Chrome iliikubali kwa kurasa za intaneti Machi 2024 na Firefox Mei 2024.

Wazo la kamusi nalo limepiga hatua. Mwaka 2008 Google ilipendekeza utaratibu wa SDCH, ambapo tovuti ingeipa kivinjari kamusi yake yenyewe, lakini vivinjari vingine havikuufuata na Chrome ikauondoa mwaka 2017. Mwaka 2024 Chrome ilianza kutumia utaratibu mpya wa aina hiyo, unaofanya kazi pamoja na Brotli na Zstandard, na mwaka 2025 ukachapishwa kama RFC 9842. Kwa utaratibu huo, kitu ambacho msomaji alishakipakua hutumika kama kamusi ya kubania toleo jipya. Jedwali la bei linalobadilika mistari michache kwa siku linaweza kutumwa kwa data kidogo sana, na tovuti ya Kiswahili inaweza kuwa na kamusi ya Kiswahili.

Tahadhari ya usalama

Kubana kuna hatari moja ambayo tovuti za malipo na za forodha hazipaswi kuipuuza. Mwaka 2012 watafiti Juliano Rizzo na Thai Duong walionyesha shambulio lililoitwa CRIME. Mwaka 2013 Angelo Prado, Neal Harris na Yoel Gluck wakaonyesha jingine, BREACH, linalolenga ubanaji wa HTTP moja kwa moja.

Mshambuliaji haoni maandishi yaliyofichwa, lakini anaona urefu wake. Kama anaweza kuufanya ukurasa urudishe maneno anayoyachagua yeye, hubahatisha kipande cha siri iliyomo katika ukurasa huo huo. Akipatia, kipande kinakuwa marudio, ubanaji unakipunguza, na ukurasa unakuwa mfupi kidogo. Akirudia mara nyingi, hupata siri herufi moja baada ya nyingine.

Dawa yake si kuzima ubanaji kwenye tovuti nzima. Kurasa za umma, kama bei, habari na ratiba, hazina siri ya kuibwa. Kurasa zenye siri na zinazorudisha maneno ya mtumiaji ndizo zinazohitaji uangalifu. Ama zisibanwe, ama siri iliyomo ichanganywe na namba zinazobadilika kila mara ukurasa unapotolewa.

Mwenye tovuti aulize nini

Kwa kuwa vivinjari vimekwisha kutimiza upande wao, swali linarudi kwa wenye tovuti. Usanidi wa awali wa nginx huwa umezima gzip, na hata ikiwashwa hubana HTML peke yake mpaka aina nyingine za mafaili zitajwe. Kwenye Apache nako ni lazima moduli ya mod_deflate iwashwe na kuelekezwa mafaili ya kubana. Mfanyabiashara asidhani kuwa jambo hili hufanyika lenyewe.

Maswali ya kumuuliza anayehifadhi tovuti ni manne. Je, gzip imewashwa kwa HTML, CSS, JavaScript na data za JSON? Je, tovuti iko kwenye HTTPS na Brotli inapatikana? Je, mstari wa Vary unatumwa? Na je, kuna masharti ya zamani ya vivinjari yaliyosahaulika kwenye usanidi? Mafaili yasiyobadilika yanaweza kubanwa mara moja na kuhifadhiwa yakiwa yamebanwa, hivyo kisingizio cha kuielemea seva hakina uzito.

Kuhakikisha majibu hakuhitaji fundi. Kwenye kompyuta, fungua tovuti kwa Chrome au Firefox, bonyeza F12, chagua sehemu ya Network, kisha upakie ukurasa upya. Bofya mstari wa kwanza na utafute Content-Encoding miongoni mwa maelezo ya jibu. Ukiona gzip, br au zstd, ukurasa umefika ukiwa umebanwa. Ukikosa mstari huo kwenye ukurasa mrefu wa maandishi, tovuti hiyo inawatwisha wateja wake mzigo usio wa lazima.

Wafanyabiashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Data nayo ni mali, na kwa ofisi ya mpakani inayofungua jedwali lile lile kila asubuhi, ukaguzi wa dakika tano kwa F12 ni ukurasa wa kwanza wa daftari hilo.